Parseli ni yangu: kwa nini nisichague wa kumpangisha?

Yaya,

Nakusalimu, mkubwa wangu unayejibu barua zetu, kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mjane, naishi katika parseli, kiwanja chenye nyumba, aliyoniachia marehemu mume wangu. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini, na pesa aliyopata wakati wa depa volontere ya 2003, walipolipwa waache kazi kwa hiari, hakuimaliza kwenye pombe kama wengine. Alijenga nayo anekse nyuma ya nyumba kubwa: saluni ya kukaa wageni, chumba cha kulala na kajiko ambako mbabula ya makaa ikishaingia, mpishi anasimama mlangoni. Hiyo anekse ndiyo inayoninunulia unga wa bukari (ugali) na dawa za presha.

Sasa iko wazi tangu mwezi wa tano. Mpangaji wa mwisho alinikimbia usiku na deni la miezi saba. Alikuwa kijana wa kijiji cha mume wangu, aliletwa na shemeji. Kontra, yaani mkataba, hatukuandika, maana utamwandikishaje mtoto wa ndugu? Garanti, ile amana ya kuingilia, alitoa nusu, nusu nyingine akasema inakuja. Asubuhi ile nilikuta mlango wazi, hata balbu kazitoa.

Tangu hapo mwanangu mkubwa ameshika mambo. Anasema tumpokee mtu mwenye ndoa, asiye na watoto wengi, na asiwe Mkasai, mtu wa asili ya Kasai. Hilo la mwisho anasema ni neno la baba yake. Ni kweli, marehemu alikuwa akisema hivyo tangu 1992: «Ukimpa Mkasai chumba, kesho atataka parseli.» Mimi sikuwahi kubishana naye. Nilikuwa na mambo mengine ya kubishania.

Wiki mbili zilizopita komisionere, dalali wa nyumba, akaniletea mama mmoja, muuguzi, mtoto mgongoni na wawili mkononi. Yaya, sijapata kuona mtu anayekagua nyumba vile. Alifungua bomba la uani, akalifunga, akasimama kungoja kama litadondoka. Likadondoka. Akapitisha kidole ukutani pale unyevu unapopandia. Akauliza maji yanatoka siku gani, nikamwambia kila siku. (Yanatoka usiku, na si kila usiku.) Bei hakuipigania sana. Akatoa bahasha akaanza kuhesabu dola za garanti juu ya dirisha, nami nikafungua daftari. «Jina lako nani, mama?» Jina likaanza na Tshi, kama majina mengi ya Kasai.

Ulimi ulijigeuza wenyewe. Nikasema, «Samahani mama, nimekumbuka kuna mtu alishanipa avansi ya kodi.» Aliniangalia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akarudisha dola kwenye bahasha moja moja, akakaza kitenge cha mtoto, akasema asante. Komisionere alitazama viatu vyake.

Jumapili iliyofuata, kwenye misa, padri akasema tutakiane amani. Nikageuka nyuma, na mkono niliopewa ukawa wake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, «Mama, wale wa avansi wameishaingia?» Sijui nilijibu nini.

Mtoto wa dada yangu yuko Marekani. Nilipomsimulia kwa simu aliniambia huko ningeshtakiwa. Mwanangu akacheka, akasema huku si Marekani, parseli ni yetu, tunapokea tunayemtaka. Nieleze wewe, yaya. Mwenye nyumba hana haki ya kuchagua? Na nikimpokea huyo mama akanikimbia na deni kama yule wa kwanza, nani atanilipa?

Mama Mwenye Parseli, Katuba

*

Mama,

Nakupa jibu fupi kwanza, maana najua mwanao atakunyang'anya simu asome. Kuchagua mpangaji ni haki yako. Kumkataa kwa sababu ya herufi nne za mwanzo wa jina lake si haki ya mtu yeyote katika nchi hii. Sitakudanganya lakini: kwenye jambo hili sheria yetu ina maneno makubwa na meno machache.

Tuanze na mali yako, kwa sababu mwanao ana hoja pale. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu binafsi ni takatifu, na neno hilo takatifu limo humo humo, sijaliongeza mimi. Hakuna anayeweza kuingia Katuba akakuambia umpe fulani chumba. (Ingawa kama anataka kwenda mbali, mwambie kwamba tangu sheria ya ardhi ya 1973 udongo wote ni mali ya Taifa. Ninyi mna haki juu yake kwa karatasi, na karatasi hiyo nadhani bado ina jina la marehemu. Nitarudi hapo.)

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 13, inakataza Mkongomani kubaguliwa kwa dini yake, ukoo wake, hali yake, makazi yake, kabila lake au lugha yake. Watu wengi hunukuu hapo wakafunga mdomo. Ukisoma vizuri, kifungu kinazungumzia ubaguzi unaotokana na sheria au na tendo la wenye utawala. Kinamfunga gavana, kinamfunga burgumestre, mkuu wa komini. Mama wa Katuba na anekse yake, wakili mwerevu atasema hakimgusi moja kwa moja. Na sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015, ile namba 15/025, imeshughulika zaidi na garanti, kontra na kumtoa mpangaji kuliko na nani anakataliwa mlangoni.

Kuna sheria moja ya zamani ambayo watu wameisahau. Ni ya tarehe 7 Juni 1966, ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, na hiyo haimngoji mtu awe na cheo. Inamgusa yeyote anayeonyesha chuki ya kabila au ya mkoa kwa maneno, kwa ishara, kwa maandishi au kwa tendo la kuichochea, na adhabu yake inafika mpaka gerezani. Mwanao akibandika kwenye geti karatasi ya «Wakasai hapana», au akamwandikia komisionere ujumbe wa namna hiyo kwenye WhatsApp, amejitengenezea ushahidi yeye mwenyewe kwa mkono wake. Wewe uliyesema «kuna avansi» hukuonyesha chuki kwa neno. Ulidanganya tu. Sheria haitakushika kwa hilo, na nadhani ndiyo sababu umeniandikia mimi badala ya wakili.

Sasa Marekani. Mpwa wako amesema karibu kweli, na hapo alipokosea kidogo ndipo penye utamu. Sheria yao ya makazi ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini au asili ya taifa. Jinsia ikaongezwa 1974, na ulemavu na kuwa na watoto vikaongezwa 1988. Katika mijadala yao ya miaka ile, wabunge walimbuni mama mmoja wakampa jina, Bi Murphy: mjane mzee anayepangisha vyumba ndani ya nyumba anamoishi mwenyewe. Je, naye alazimishwe kumpokea asiyemtaka? Wakamwonea huruma, wakaweka mlango wa nyuma: mwenye nyumba anayekaa humo humo, yenye makao yasiyozidi manne, sheria ile haimbani. Unajiona, mama? Huyo ni wewe na anekse yako, tofauti ni mbabula tu.

Ila hata Bi Murphy hawakumruhusu kutangaza kwamba fulani hawatakiwi. Na mwaka huo huo wa 1968 mahakama yao kuu ikafukua sheria ya 1866, ya baada ya vita vyao vya utumwa, ikasema hiyo inakataza kubagua kwa rangi katika mali, hata kwa mtu binafsi, na haina mlango wa nyuma. Kwa hiyo mjane wa kule anaweza kumkataa mpangaji kwa sababu nyingine nyingi, kwa rangi hapana. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini, sheria yao ya upangaji ya 1999 inamkataza mwenye nyumba kubagua tangu anapotangaza chumba. Hizo ni za kwao. Hazivuki mpaka wa Kasumbalesa, hapo mwanao yuko sawa.

Nije kwenye 1992, maana barua yako imeipita haraka, na mimi siwezi.

Marehemu hakutoa hofu yake hewani. Mji huu umejengwa kwa watu kutengwa. Wabelgiji waliweka Wazungu katikati, wakaacha ukanda mtupu, ng'ambo ya ukanda wakaweka weusi, kuanzia mtaa wa Kamalondo. Kazini wakaleta watu kutoka Kasai, na wengi wakafika kwa reli iliyounganisha Katanga yetu na Ilebo ya Kasai mwaka 1928. Wengine wakawa makarani, wenyeji wakaona wamepitwa kwao. Mambo hayo yalilala, yakaamka, na 1992 na 1993 yakalipuka: katika miji ya Likasi na Kolwezi, watu wa Kasai wakafukuzwa majumbani, wakalala siku nyingi kwenye gare wakingoja treni ya kuwarudisha mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Wengi waliacha nyumba zao na watu wengine wakaingia. Kwa hiyo ile methali ya marehemu, kwamba ukimpa chumba atataka parseli, igeuze uione upande wa pili. Mwaka ule waliopoteza parseli walikuwa Wakasai.

Sisemi hakuna malalamiko upande wetu. Yapo, na mengine yana haki. Ninapata pia barua za upande wa pili: kijana wa Kasenga, huku kwetu Katanga, aliyeambiwa na mwenye nyumba kutoka Mbujimayi ya Kasai kwamba «ninyi watu wa hapa mnapenda sana ngoma». Hakupata chumba. Hana ngoma hata moja.

Na hilo jina. Ilunga wa Kabongo ya Katanga na Ilunga wa Mbujimayi utawatenganisha kwa nini? Kasongo? Mutombo? Ukimwacha aliyeanza na Tshi ukampokea Ilunga, huenda umempokea Mkasai na huna habari. Kuna watoto wa Katuba hawajaona Kasai hata kwenye picha, wanaongea Kiswahili cha hapa kuliko mimi, na kila wanapotafuta chumba wanaulizwa baba wa baba alitoka wapi.

Lakini kilichonichekesha, samahani mama, ni mpangaji wako aliyekimbia. Miezi saba ya deni, balbu zote, na alikuwa wa kijiji cha marehemu, ameletwa na shemeji. Kabila lake lilikulinda na nini? Mimi naona ndilo lililokuponza. Kwa sababu ya undugu hukuandika kontra, kwa sababu ya undugu ulikubali nusu ya garanti, na kwa sababu ya undugu ulinyamaza mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Muuguzi uliyemrudisha alikuwa anahesabu garanti nzima juu ya dirisha.

Nani atakulipa akikimbia, umeuliza. Hili ndilo swali la mwenye nyumba, na hapa sheria imekupa vitu vya kushika. Garanti ya nyumba ya kuishi haipiti kodi ya miezi mitatu, lakini mitatu hiyo ichukue yote siku ya kwanza na utoe risiti. Kontra iwe ya maandishi, isajiliwe kwenye ofisi ya makazi. Najua kwa nini wenye parseli wanaikwepa ofisi hiyo, wanaogopa IRL, kodi ya serikali kwenye mapato ya upangaji, lakini siku ya ugomvi ofisi hiyo ndiyo mnayopelekwa kwanza kupatanishwa, na atakayefika na daftari la shule atamkuta mwenzake ana kontra yenye muhuri. Kabla ya kukabidhi ufunguo, zungukeni nyumba wote wawili na kalamu: bomba, vioo, kufuli, balbu ngapi (wewe hasa, balbu ngapi). Aweke sahihi. Asipolipa mwezi mmoja mwandikie barua mwezi huo huo, usimwonee haya. Mkishindwa kupatana, hakimu ndiye anayemtoa. Kumtupia vyombo nje au kumkatia umeme ni kosa lako, hata kama deni ni lake. Mpangaji akishaingia, pale ni kwake, na katiba inalinda makazi yake kama inavyolinda ya kwako. Na ukitaka nyumba yako kwa sababu nyingine, mpe notisi ya miezi mitatu kwa maandishi.

Kabla ya yote hayo, uliza. Kuuliza ni haki yako na sijui kwa nini watu wanaona haya kuuliza mambo ya kweli, halafu hawaoni haya kuuliza kabila. Unafanya kazi wapi, unalipwa mwezi ukianza au ukiisha? Nyumba unayotoka ulikaa miaka mingapi, na naweza kuongea na mwenye nyumba yako? Mtalala watu wangapi? Hilo la watu liandike kwenye kontra, maana anekse ya chumba kimoja haiwezi kumeza kumi, na kukataa kumi hakuna ubaguzi ndani yake. Watoto watatu na mama yao, mimi ningekubali.

La ndoa nalipita haraka. Tangu 2016, sheria ya jamaa iliporekebishwa, mke hahitaji ruhusa ya mume kutia sahihi. Asiye na mume hakuwahi kuihitaji. Anayelipa ndiye anayetia sahihi.

Sasa mwanao. Nilisema nitarudi kwenye karatasi. Kwa sheria ya jamaa ya 1987, watoto ndio warithi wa kundi la kwanza, kwa hiyo usimwambie hana neno. Analo. Lakini wewe mjane una haki ya kuishi na kufaidika na nyumba mliyokaa na mumeo, na haki hiyo haiombwi kwa mtoto. Mkae na wote wenye urithi, mkubaliane nani anapangisha na kodi inagawanywaje, muandike. Nina shaka kwamba ugomvi wa Mkasai umefunika ugomvi huu mwingine, wa nani mkubwa wa parseli baada ya baba. Siku mkiumaliza huo, huenda yeye mwenyewe akachoka na ule.

Kuhusu mama wa bahasha, usimtume komisionere. Mngoje baada ya misa, pale nje wanapouza maandazi, umwambie kwa mdomo wako kwamba hakukuwa na avansi. Usimweleze habari za 1992, anazijua kuliko wewe. Mwambie nyumba iko wazi na bei ni ile ile. Anaweza kuwa ameshapata kwingine, au akakataa kukaa uani kwa mtu aliyemrudisha mlangoni. Akikataa, usimbembeleze, naye ana haki ya kuchagua mwenye nyumba.

Akikubali, kabla ya kuandika kontra mwambie maji yanatoka usiku, na si kila usiku. Na lile bomba la uani, mwite fundi sasa, washa moja, kile kipete cha mpira, haigharimu kitu.

Yaya